Kikombe cha Baba Mukiri

Ti. Ti. Kikombe cha bati kilikuwa kinagonga ukuta wa mbao gizani, pale kwenye msumari wake, kila upepo wa mlimani ulipopenya. Ni kikombe cha mume wangu, Mugendi. Kabla sijaamka vizuri, moyo ulikuwa umeshafika mlangoni kumfungulia.

Lakini Mugendi yuko Siakago, anajenga nyumba za watu. Mimi na mtoto wetu Mukiri tuko huku Nkubu na mama yake, na tunaongea naye kwa kiondo. Kila Jumamosi ninakijaza ndizi na nduma, Susan jirani anakibeba akienda soko la huko, na kwa sababu kiondo cha mtu hakirudishwi kitupu, kinarudi na sukari au ndengu. Akipiga simu huuliza, "Unataka nikutumie nini, Mama Mukiri?" Mimi husema sabuni.

Sitaki sabuni. Nataka kulala nikisikia anavyopumua.

Kuomba kulinishinda tangu zamani. Hata kwenye masomo ya jioni, wiki ya kwanza nilibanwa na mkojo mpaka kipindi kikaisha, mtu mzima mwenye mtoto, kwa kuogopa kuinua mkono niombe ruhusa. Mwalimu Nelius alipojua alicheka mpaka akafuta machozi. "Sasa ulitaka nijue ukishajikojolea?"

Asubuhi hiyo, Jumamosi, nilikitoa kikombe msumarini, nikakifunga kwa leso, nikakilaza juu ya ndizi. Kwangu maana ilikuwa wazi: kikombe chako kinapokaa, na sisi tunataka kukaa hapo.

Jioni simu ililia tukiwa jikoni, mama mkwe akimenya viazi na Mukiri kando yake, na simu yangu husikika jikoni kote.

"Mama Mukiri." Sauti ya Mugendi ilikuwa chini. "Nimekosa nini?"

"Kwani umefanya nini?"

"Mwanamke akimtolea mwanaume kikombe chake nje, si ni kumwambia asirudi? Ungenipigia tu. Susan amekileta mbele ya soko lote."

Mama mkwe aliacha kumenya. "Ulimtumia kikombe? Uui, mtoto wa watu. Mimi nilimkasirikia baba yake miaka, na sikufika huko."

Ningesema kiliingia na ndizi kwa bahati mbaya. Uongo huo ulikuwa tayari ulimini, mwepesi kabisa. Halafu angetuma sabuni.

"Sijakufukuza," nikasema. "Nataka tuje tukae na wewe. Mimi na Mukiri. Hilo ndilo nakuomba."

"Huku ni joto. Maji tunanunua. Na chumba ni kimoja."

"Sijakuuliza habari ya joto, Baba Mukiri."

Mama mkwe aliinamia viazi vyake tena. "Mjibu, Mugendi," akasema kwa nguvu ili simu isikie. "Mimi nina kuku wangu, na kanisa liko hapo." Lakini kisu hakikusogea.

Nikasikia simuni kijiko kikigonga bati, ti, ti, polepole, mtu anakoroga chai. Ni sauti ile ile iliyoniamsha, ila sasa kikombe alikuwa amekishika mwenyewe.

"Basi mje na vikombe vyenu," akasema. "Huku kiko hiki kimoja."

Mukiri alipanda juu ya kigoda, akanyoosha mkono kwenye rafu, akashuka amekumbatia kikombe cha plastiki anachonywea uji.

"Cha kijani ni changu," akasema.