Pumzi ya Kuazima

Shemeji alikuwa anakunywa chai, na kunywa chai kulikuwa kumegeuka kazi ya kutwa. Alipeleka kikombe mdomoni, akakirudisha, akatweta, akakipeleka tena. Ilibidi achague: ama ameze, ama apumue. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viganja magotini, mabega juu, kwa sababu akilala chali alikabwa. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu vyake vya kazi, vilivyokuwa bado chini ya kitanda na vumbi lake jeupe, visingemwingia tena.

Tarumbeta alikuwa amekaa mbele yake juu ya ndoo iliyofunikwa, akiviangalia viatu. Uso wa shemeji yake alishindwa kuuangalia.

"Mwambie anywe," dada yake alisema kutoka mlangoni, alikokuwa akikamua nguo. "Mimi nikimwambia anasema namsakama."

"Nakunywa," shemeji akasema. Akapumzika. "Si unaona... nakunywa."

Jina la Tarumbeta alilipata shuleni, alipokuwa akipuliza kwenye bendi. Aliweza kushikilia sauti moja mpaka mwalimu akamwomba kwa heshima zote aache. Jina likamfuata ukubwani, likaingia naye hadi kiwandani, mahali ambapo shemeji huyu huyu alimtafutia kazi. Kiwanda kilisaga mawe meupe yakawa unga laini wa kutengenezea vioo. Unga huo haukujua mlango wala dirisha. Uliingia masikioni, ukaingia kwenye mkate, ukaenda nyumbani na watu ukalala nao kitandani.

Mara moja kwa mwaka wafanyakazi walipimwa pumzi. Gari la daktari liliingia getini, mashine ikawekwa kwenye zahanati ya kiwanda, na watu wakapanga foleni wakitoka zamu, hata kunawa hawajanawa. Unapuliza mrija kwa nguvu zako zote, na mstari wa kijani unapanda kwenye kioo. Ukifika juu, unarudi kazini. Usipofika, unaambiwa ukapumzike nyumbani kwanza. Sheria ilisema aliyeugua kwa vumbi atibiwe na kiwanda, lakini kabla ya kutibiwa kulikuwa na kuchunguzwa, na kabla ya kuchunguzwa kulikuwa na kusimamishwa kazi. Waliosimamishwa walikuja getini kuulizia, wakaja tena, kisha wakaacha kuja.

Basi wafanyakazi wakajitafutia dawa yao. Mwenye kifua kizima alimpulizia mwenye kifua kibovu. Ilikuwa ni kuazima beji tu. Mgonjwa anakwenda kujibanza nyuma ya rundo la magunia, na mzima anapita kwenye foleni mara ya pili na namba ya mwenzake kifuani. Wote walikuwa weupe kutoka utosini mpaka kwenye kamba za viatu, vitambaa usoni, na hata mama mzazi angelazimika kuuliza huyu ni yupi. Nesi alisoma namba, hakusoma sura.

Mpulizaji aliyesifika kuliko wote alikuwa Tarumbeta. Wala hakuombwa. Shemeji yake alipoanza kukohoa kikohozi kikavu kisichosikia dawa, yeye mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono. "Lete beji hapa, shemeji. Nikupulizie mpaka daktari aombe poo." Walicheka mpaka machozi, na maneno hayo yakawa msemo wa kiwanda kizima. Mwaka uliofuata walicheka kidogo. Mwaka jana hakuna aliyecheka, maana shemeji alirudi kutoka nyuma ya magunia akiwa ameshika ukuta.

Dada hakuambiwa. Tarumbeta alimletea majibu kila mwaka kama anayeleta zawadi: "Mumeo mzima, kapuliza kunishinda hata mimi." Na dada aliamini, kwani kwa nini asiamini? Asubuhi mume aliposema kifua kimebana, alimvuta shuka. "Vipimo vinasema mzima. Labda uvivu ndio hawana mashine yake." Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja. Tarumbeta alilisikia lile shuka likivutwa, akasikia shemeji yake akitafuta viatu, akikohoa, akitoka. Neno moja lingetosha kumrudisha kitandani. Hakulisema. Na shemeji naye hakumtaja mtu, alikubali kuitwa mvivu ndani ya nyumba yake mwenyewe ili kumfichia ndugu wa mkewe, na hilo ndilo lililomchoma Tarumbeta kuliko yote.

Katika kujaribu kulipa, mwaka jana baada ya kipimo alimwendea msimamizi akaomba wabadilishane nafasi. Shemeji ahamie kushona magunia, karibu na mlango, apate upepo. Yeye aende kwenye kinu, ambako vumbi lilikuwa zito hata taa ikaonekana kwa shida. Msimamizi alikubali bila kuuliza. Tarumbeta alijiona amefanya jambo la maana, akapunguziwa mzigo kidogo moyoni. Kumbe shemeji alikuwa ameshakwisha.

Daktari wa hospitali kuu aliwaonyesha picha ya kifua. Mapafu yameota makovu, alisema, yamekakamaa kama ngozi iliyoanikwa. Moyo unasukuma damu humo haipiti, sasa nao umechoka, ndiyo maana miguu inajaa maji. Hili ni vumbi la mawe, haliponi, ila akiwa na oksijeni nyumbani atalala na atakula. Oksijeni iletwe na kiwanda. Kinachotakiwa ni daktari wao akubali tu kwamba ugonjwa ni wa kazini.

Daktari wao hakukubali. Alijibu kwamba mfanyakazi huyo, mpaka mwaka jana, alikuwa na pumzi bora kuliko wengi, na ugonjwa wa vumbi hauji kwa mwaka mmoja. Familia itafute sababu nyingine.

"Leo si ndiyo siku yake ya kuja?" dada aliuliza, akaingia ndani akijipangusa mikono. "Mwambie, kaka. Wewe ulikuwa kwenye foleni naye. Mwambie mashine yao ilikosea."

"Nitamwambia."

"Utamwambiaje? Usiende ukawa unajiumauma tu mbele za watu."

"Nitamwambia ukweli."

Shemeji aliinua macho. Alitikisa kichwa. "Watakufu..." Akavuta hewa, shingo ikaingia ndani. "Watakufukuza."

"Wamfukuze kwa kosa gani?" dada akashangaa. "Kusema ukweli?"

Tarumbeta alisimama, akaichukua beji yake, akatoka. Kilima kidogo cha kwenda kiwandani kilimlazimisha kusimama mara mbili, akajiambia ni mawazo.

Zamu ilipoisha aliwahi zahanati kabla ya foleni kupangwa. Daktari alikuwa mtu mzima mpole, mwenye mikono safi sana. Ukutani nyuma yake kulikuwa na ile picha ya miaka yote: mtu aliyechunwa ngozi, moyo mwekundu, mishipa ya bluu inayokwenda mpaka vidoleni, na mapafu mawili ya rangi ya waridi. Nesi alikuwa pembeni akipanga mirija ya karatasi.

"Daktari, zile pumzi za shemeji yangu hazikuwa zake," Tarumbeta alisema akiwa bado amesimama. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno hayo kutwa nzima. "Zilikuwa zangu. Mimi ndiye niliyempulizia miaka yote."

Daktari alivua miwani. "Kaa kwanza, kijana wangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Vizuri. Unajua kwamba hilo unalolisema ni kosa?"

"Najua."

"Na nani wengine wanafanya hivyo?"

"Nimekuja kujisemea mimi."

Nesi alichukua mrija aliokwisha kuupanga, akaupanga tena.

"Una ushahidi gani?" daktari aliuliza. "Maana kila mtu akija hapa akasema pumzi ya fulani ni yangu, tutafika wapi?"

"Ushahidi ni kifua changu. Nipime. Utaona pumzi ni ile ile."

Daktari alifikiri, au alijifanya kufikiri. Kisha akatabasamu kwa wema. "Hilo ni jambo la haki. Nesi, mpe mrija." Akaweka kidole kwenye kioo cha mashine, juu kabisa. "Mwaka jana shemeji yako alifika hapa. Wewe fika hapa, nami nitaandika kwa mkono wangu kwamba pumzi ilikuwa yako. Na oksijeni itakwenda."

Tarumbeta alishusha kitambaa shingoni. Alisahau kosa, alisahau kufukuzwa. Hii ilikuwa kazi anayoijua. Akasimama wima kama alivyofundishwa kwenye bendi, akafungua kifua, akavuta hewa.

Hewa haikuingia yote. Ilifika mahali ikagota.

Alipuliza hivyo hivyo. Mstari wa kijani ukapanda, ukapanda, ukasimama chini ya kidole cha daktari, mbali sana nacho. Halafu kikohozi kikamkamata, kikavu, akakitambua. Ndicho alichokuwa akikisikia ng'ambo ya ukuta.

"Sikujiweka sawa," alisema. "Ngoja nirudie."

Alirudia. Alirudia tena, akishikilia meza, mishipa ya shingo ikimtoka, na mstari ukaishia chini zaidi ya ulivyoishia mwanzo. Nesi alikuwa ameacha kupanga mirija. Alikuwa anaangalia sakafu.

"Hujafika hata nusu, kijana wangu."

"Nilikuwa nafika! Haki ya Mungu, daktari, mwaka jana nilipuliza mara mbili, yangu na yake, na nikatoka bila hata kutweta."

"Aliyepuliza mwaka jana ana mapafu kama yale." Daktari alionyesha picha ya ukutani bila kugeuka. "Huwezi kuwa wewe."

"Ni kinu. Walinihamishia kwenye kinu mwaka jana, muulize msimamizi. Ni kinu kimenifanya hivi."

"Ugonjwa wa vumbi hauji kwa mwaka mmoja," daktari alisema.

Nje watu walianza kupanga foleni, mmoja wao akipiga mluzi. Daktari alivaa miwani yake, akabonyeza kitu kwenye mashine, na kioo kikawa cheusi.

"Tufanye hivi. Sijaandika kitu. Nikiandika hiki nilichokiona, kesho hurudi kazini, na nasikia kwenu mwenye kazi umebaki wewe. Mimi nina watoto, naelewa. Nenda kanywe maji, urudi kwenye foleni na wenzako, upulize vizuri."

"Vizuri vipi, daktari?"

"Vizuri kama mwaka jana."

Hakuwa akimwangalia yeye. Alikuwa anaangalia dirishani, kwenye safu ya watu weupe wasio na sura. Tarumbeta akaelewa kwamba daktari anajua. Pengine alijua siku zote, tangu siku ile waliyocheka mpaka machozi wakidhani wamemchezea shere.

"Na oksijeni?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamtia aibu kwa udogo wake.

"Suala la shemeji yako tulishalijibu."

Nje jua lilimuumiza macho. Mpiga mluzi alikuwa yule mpakiaji mpya, bwana mwenye mabega mapana aliyeanza kazi majuzi. Zamu nzima alipiga mluzi bila kupumzika, na kwa ajili hiyo watu walikuwa wameshamwita Mluzi. Alimtazama Tarumbeta, akatazama jasho lililochora mistari kwenye uso mweupe, akafahamu.

"Kaka," alisema, akanyoosha mkono. "Lete beji hapa. Nikupulizie mpaka daktari aombe poo."

Watu kwenye foleni wakacheka, maana kwao ulikuwa msemo tu. Tarumbeta hakucheka. Alitaka kumwambia kitu. Alitaka kumshika mabega yale mapana amwambie akimbie, arudi alikotoka, asimwazime mtu yeyote pumzi yake, na asikubali hata siku moja kupelekwa kwenye kinu. Lakini akilini alimwona dada yake amesimama mlangoni na mikono mibichi, akiuliza, Umemwambia? Akaiona na kesho, nyumba mbili na ukuta katikati, na hakuna anayetoka kwenda kazini.

Alijaribu kuifungua beji. Pini ilikuwa imeganda kwa vumbi, na Mluzi, mtu wa watu, akamsaidia kuitoa.

"Wewe nenda kajipumzishe kule nyuma, kaka. Huchelewi kusikia namba yako ikisomwa."

Nyuma ya rundo la magunia hakuwahi kwenda. Hakuwahi kuwa na haja. Sakafu ilikuwa na madoa ya makohozi ya zamani na mapya, na ukuta ulikuwa na alama nyeusi, pale mikono ya watu ilipokuwa ikishika, mwaka baada ya mwaka. Hakuwa peke yake. Watu walikuwa wameketi pale mstari mzima, mafundi wa kinu aliowajua, waliomtania asubuhi ile ile: viganja magotini, mabega juu, midomo wazi. Wakasogeana, wakampa nafasi.

Alikaa. Viganja vyake vikaenda magotini vyenyewe.

Kupitia dirisha la zahanati walisikia nesi akisoma namba yake, kisha pumzi ya Mluzi ikaanza, ndefu, safi, inakwenda tu kama haina mwisho.

"Safi kabisa," ilisema sauti ya daktari. "Mwingine."