Moto wa Mwansa

Siku ya tatu ya mafua Mwansa alishindwa kabisa kunyonya. Kila alipolipata titi alivuta mara moja, akaliachia, akahema kwa kinywa. Kamasi zilikuwa zimeziba pua zote mbili, na kilio chake kilikuwa kimebaki mkwaruzo tu. Ennie, mama yake, alimtazama utosi uliokuwa umeanza kubonyea.

Mtoto alikuwa na wiki tatu. Baba yake, Fanwell, alikuwa bado kwenye uvuvi kisiwani Kilwa, katikati ya ziwa. Na katika ukoo wake moto uliowashwa siku ya uzazi hauzimwi, wala mtoto havuki kizingiti, mpaka baba arudi kuwasha mwingine. Mvua ilikuwa imelowesha kuni zote za Nchelenge, mji wao wa kando ya ziwa.

"Ongeza kuni, Bana Mwansa," alisema Matildah, mama mkwe, akimwita kwa jina la mwanawe. "Ni baridi hiyo. Hata Fanwell alitiririka hivyo hivyo. Pua yake ilikauka siku alipooa."

"Mayo, mama yangu, tangu juzi naongeza."

"Basi hujaongeza vya kutosha."

Walikwisha kumfukiza kwa majani ya mkalitusi, na hali ikazidi kuwa mbaya. Ennie akatia kuni, akachukua mtungi, akakimbilia ziwani huku akifuta kamasi zake mwenyewe kwa kiganja.

Alipoinama majini, pua yake ilikuwa imekauka. Hakulitia jambo hilo maanani. Lakini aliporudi, kabla hajaingia ndani, machozi yalimtoka na pua ikaanza kuchuruzika upya. Akasimama mlangoni, mtungi kichwani, akiutazama moshi mzito uliotanda juu ya mkeka wa mwanawe.

Akatua mtungi, akaingia. Akachota maji ya uvuguvugu yaliyokwisha kuchemka, akayatia chembe chache za chumvi iliyotoka Kaputa, akamdondoshea mtoto tone moja kila tundu. Kisha akaweka kinywa chake juu ya pua ile ndogo, akafyonza, akatema, akafyonza tena. Akamfunika kwa kitenge, akamnyanyua amtoe nje.

Matildah alikwisha kusimama mlangoni, mikono imeshika miimo.

"Ukimtoa, nitamwambia nini mwanangu?"

"Mwambie mwanawe yu hai, mayo. Au nibaki ndani, umwambie lile jingine."

Mikono ya bibi ikalegea.

Nje, chini ya upenu, Ennie alimpa titi. Mwansa akalikataa. Akampa tena, akavuta, akaliachia, na Ennie akafumba macho asione. Kisha ufizi ukauma. Akasikia funda moja likishuka, na la pili, na kati yao pumzi nyembamba ikipita puani.

Ndani ya nyumba maji yalimwagwa, na makaa yakalia kwa kishindo. Matildah akatoka na mtungi mtupu, macho mekundu, akipenga kamasi kwa ncha ya kitambaa.

"Sogea," alisema, akaketi upande unakovuma upepo ili amkinge mtoto. "Fanwell atawasha mwingine."