Habasoda na Vidonge

...na bado Daktari Cheruto anangoja jibu, ameuliza jambo dogo tu, kama Rumaisa ametumia dawa nyingine yoyote nyumbani mbali na vidonge alivyompa, na binti yangu, uso umemvimba hata macho yamekuwa mistari miwili, ameshajibu, "Hapana, daktari," pasipo kunitazama, ilhali mimi niliyeketi kando yake ndimi niliyemtwangia habasoda na mlonge kila alfajiri kwa miezi mitatu, nikavikoroga kwa asali, nikamwambia kunywa mwanangu, hii inaongeza kinga... na vile vidonge nilivificha kabatini, nyuma ya vitabu vya fiqhi, kwa sababu karatasi yake ilisema hupunguza nguvu za kinga, nami nikajiuliza ni mwenye akili gani awapunguzaye walinzi wa nyumba wakati mwizi yuko mlangoni, hoja ikanipendeza, nikalala nayo vizuri... "Mzee, wacha nikueleze polepole," daktari anasema, anajigonga kifuani kwa kidole, "hapa nyuma ya huu mfupa kuna tezi, ni kama shule, seli changa za kinga zinaonyeshwa vipande vya protini za mwili wenyewe, za figo, za ngozi, za jicho, na ile inayovishambulia inaambiwa ijiue," ijiue, nasema, "Eeh, mzee, huo mtihani hauna marudio," na Wasike, muuguzi anayemfunga Rumaisa mkanda wa presha, jirani yetu wa Bondeni, anacheka, "Hiyo shule ni kali kushinda madrasa yako, Maalim," nami natabasamu kwa adabu, kumbe moyo umeshatangulia pengine, dirishani, kule ziwa lilikopanda bila kelele likaingia msituni, miti ikafa imesimama... "lakini kuna zinazoponyoka," daktari anaendelea, "na nje huko mwili una seli zingine za kuzituliza, sasa kwa Rumaisa hao watulizaji wamelemewa, ndio maana nilimpa vidonge, na ndio maana nauliza dawa za nyumbani, watu hupenda kuongeza kinga, na hapo wanaipa nguvu ile ile inayomla"... inayomla, ewe Mola, kumbe mwizi hakuwa mlangoni, alikuwa amevaa sare ya mlinzi, nami kila alfajiri nilimpelekea kifungua kinywa... alikuwa na miaka saba nilipomwandikia kombe, wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, Kuluthum mama yake angali hai, mtoto akanywa bila kunusa, na mpaka leo hajawahi kunusa kitu kitokacho mkononi mwangu, amejifunza tangu utotoni kuwa mkono huu si mgeni... "Basi kama amemeza vidonge vyote na figo bado zinazidi kudhoofika," daktari anasema, sasa akizungumza na faili zaidi kuliko nasi, "maana yake vimeshindwa, itabidi nianze ile dawa kali ya mshipa, na hiyo, mzee, sikufichi, ina hatari zake," na Rumaisa anaitikia kwa kichwa, anaikubali, ataingiziwa sumu mwilini ili baba yake asiaibike mbele ya jirani... miaka arobaini nimefundisha kwamba ushahidi wa mzazi kwa mwanawe, na wa mwana kwa mzazi, hutiliwa shaka, kwa kuwa mapenzi hupofusha, na kwamba anayekiri juu ya nafsi yake hahitaji shahidi wa pili, nikawasahihisha vijana waliokosea mlango huo, nikawarudisha mstari wa kwanza, sasa maneno mawili tu, ni mimi, yananishinda mwalimu mwenyewe... chini ya kiti mguu wake umeutafuta wangu, umeukanyaga kidogo, nyamaza, baba, na mguu wenyewe una maji, ngozi imevutika hadi inang'aa, haukanyagi kwa hasira, ungekuwa na hasira ningepona, unanikanyaga kwa upole, na hapo ndipo ninapoelewa kwamba atanivumilia mpaka nimzike.