Kura Iliyoomba Radhi

Chumba cha kura katika ofisi ya uchaguzi ya kaunti ya Tarlow kina makufuli mawili. Ufunguo mmoja hukaa na Mrepublikani, wa pili hukaa na Mdemokrati, na sheria ya jimbo haimruhusu yeyote kati yao kuingia peke yake, hata kama amesahau koti lake ndani. Verlin Stuckey, mkurugenzi, alikuwa ameshika ufunguo wa Warepublikani kwa miaka kumi na tisa. Naibu wake, Denise Pruitt, alikuwa na ule wa Wademokrati kwa miaka kumi na minne. Muda wote huo hawakuwahi kuulizana nani anampigia nani kura. Hapakuwa na haja, kwani sheria ilikuwa imewaajiri kwa sababu ya jibu lao.

Wiki ya kwanza ya Desemba walikifungua chumba hicho ili kuhesabu upya kura za kiti kimoja, cha kamishna wa kaunti, anayesimamia barabara na madaraja. Mashine zilikuwa zimempa Dustin Rusk, Mrepublikani, kura 4,318. Zilikuwa zimempa Marlene Dubicki, Mdemokrati, mwalimu mstaafu wa hesabu, kura 4,317. Dustin alikuwa mume wa Kendra, na Kendra alikuwa mtoto pekee wa Verlin.

Verlin aliandika barua akiomba asishiriki. Bodi ya uchaguzi ina watu wanne, wawili wa kila chama, na kwa miaka sita haikuwa imekubaliana hata juu ya rangi ya mapazia. Barua yake waliikataa kwa kauli moja. Warepublikani walisema abaki kwa sababu wanamjua. Wademokrati walisema akiondoka ataletwa mtu wasiyemjua.

Nje, kwenye uwanja wa mahakama, sherifu alikuwa amevuta utepe wa manjano katikati ya nyasi. Upande wa kaskazini walisimama watu wa Rusk na mabango yaliyosema HESABU IMEKWISHA. Kusini walikuwa watu wa Dubicki, na mabango yao yalisema HESABUNI KILA KURA. Kwenye mstari wa mbele wa kaskazini alisimama Glenda, mke wa Verlin, kando ya Kendra, ameshika bango lenye jina la mkwe wake kwa mkono mmoja na chupa kubwa ya kahawa kwa mkono wa pili. Kahawa aliwamiminia watu wa pande zote mbili. Chemchemi ya mahakama ilikuwa imeganda, na utepe haukukataza vikombe.

Saa nne asubuhi zilipatikana kura mbili za Dubicki ambazo mashine haikuziona, moja imejazwa kwa penseli hafifu, nyingine imezungushiwa jina badala ya kujazwa kiduara. Dubicki akawa mbele kwa moja. Habari ilifika nje kabla Denise hajamaliza kuiandika, na katika muda wa dakika tano kaskazini walikuwa wakidai kila kura ihesabiwe, kusini wakisema hesabu imekwisha. Mtu mmoja alipendekeza wabadilishane mabango juu ya utepe ili kuokoa muda. Sherifu alisema hana kipingamizi. Pendekezo lilikufa kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoa lake.

Baada ya chakula cha mchana ilipatikana moja ya Rusk, imeloweshwa na chai na kukauka. Wakawa sawasawa, 4,319 kwa 4,319. Wakitoka sare, sheria inaamuru mkurugenzi arushe sarafu mbele ya mashahidi.

Ilibaki karatasi moja, ya kata ya nne, iliyoletwa kwa posta. Mashine ilikuwa imeikuta na viduara viwili vilivyojazwa, ikaihesabu kuwa haijampa mtu yeyote. Denise aliilaza mezani kati yao.

Kiduara cha Rusk kilikuwa kimejazwa vizuri kwa wino wa buluu, kisha kimekatwa kwa mistari miwili iliyonyooka kabisa. Kiduara cha Dubicki kilikuwa kimejazwa pia. Pembeni palichorwa mshale ulioelekea kwa Dubicki, na chini yake maneno machache: *Samahani. Nilikosea. Ni huyu.*

Verlin aliutambua mwandiko huo kabla hajamaliza neno la kwanza. Kwa miaka thelathini na saba mkono huo ulikuwa umemwachia vikaratasi kwenye mlango wa friji. *Samahani, nimemaliza maziwa. Samahani, nimegonga gari, kidogo.* Glenda alikuwa amefanya kazi ya kuchora michoro ya vipuri katika kiwanda cha matrekta, na hakukuwa na mtu mwingine katika kata ya nne aliyekata makosa yake kwa rula.

Akaikumbuka Jumapili yenyewe, mwanzoni mwa Oktoba, baada ya kanisa. Walijaza kura zao kwenye meza ya jikoni, wakitazamana, kila mmoja ameziba yake kwa kiganja kama wanafunzi kwenye mtihani. Glenda aliinuka akaenda kwenye droo. Verlin hakuuliza anatafuta nini.

Anayeharibu kura ya posta ana haki ya kupewa nyingine. Hupiga simu ofisini, hutaja jina lake na hueleza amekosea wapi. Katika kaunti ya Tarlow simu hiyo hupokelewa na mkurugenzi.

"Mimi naona nia iko wazi," Denise alisema. "Wewe je?"

"Wazi wapi!" Royce Hathaway, mwenyekiti wa Warepublikani wa kaunti, aliinuka kwenye kiti chake nyuma ya kamba ya mawakala. "Kajaza mbili. Kura imeharibika. Hata mashine imeikataa."

"Mashine haijui kusoma, Bwana Hathaway," alisema Bi. Ostrander, wakala wa Wademokrati, bila kuacha kufuma soksi yake.

"Na wewe unajua kusoma mioyo ya watu?"

"Moyo wa nini? Kaandika mwenyewe, *ni huyu*. Ulitaka akuchoree na picha?"

"Anayeomba msamaha kwenye karatasi ya kura ni Mdemokrati, hilo silikatai hata kidogo." Wahesabuji wa meza ya pili wakacheka, wa vyama vyote viwili. Hathaway akainua kitabu cha kanuni. "Lakini ngoja. Kifungu cha kumi na moja. Kura yenye alama inayomtambulisha mwenyewe ni batili. Hayo maandishi pembeni ni alama au si alama?"

"Inamtambulisha nani?" Denise aliuliza. "Kuna mtu humu anayejua karatasi hii ni ya nani?"

Verlin aliendelea kuitazama karatasi.

Hesabu yake haikuwa ngumu. Akisema anamjua mwenye kura, kura inakufa, sarafu inarushwa, na Dustin anapata nusu ya nafasi. Lakini ataulizwa ni nani, na kabla ya jioni watu wote kaskazini mwa utepe watajua mwanamke aliyewashikia bango kutwa nzima alimpigia nani kura. Kendra atakuwa wa kwanza kujua, maana amesimama karibu. Akinyamaza na kuikubali kura, Dustin anashindwa. Ilikuwepo njia ya tatu, rahisi kuliko zote. Angeweza kusema tu kwamba haoni nia. Wawili wasipokubaliana, kura haiendi kwa mtu, na hakuna ambaye angemlaumu. Kila mtu chumbani, pamoja na Denise, alikuwa akilitarajia hilo tangu asubuhi.

Tatizo la njia ya tatu lilikuwa moja: nia aliiona.

"Nipe kitabu," alimwambia Hathaway. Akasoma kifungu chote, na maelezo ya chini. "Kinasema jina, sahihi au namba. Hapa hakuna hata kimoja."

"Sikukuuliza kuhusu kitabu, ndugu yangu. Nimekuuliza wewe. Unajua ni ya nani?"

"Kura ni siri, Royce. Sheria inanikataza kujibu swali hilo, na inakukataza wewe kuliuliza."

Hathaway alikuwa amesikia sentensi hiyo kwenye kila semina ya mawakala. Akaketi, akijutia kupoteza muda.

Denise hakuketi. Alimtazama Verlin kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kama unataka tusikubaliane, Verlin, sitakasirika. Mkweo ni mkweo."

"Nia iko wazi."

"Una hakika?"

"Sijawahi kuwa na hakika na kura yoyote kama nilivyo na hii."

Wakatia sahihi zao, yeye kwanza, Denise baadaye. Dubicki 4,320, Rusk 4,319. Walirudisha masanduku chumbani pamoja na kufunga makufuli yote mawili.

Verlin alisoma matokeo kwenye ngazi za mahakama saa kumi. Kusini wakashangilia, kaskazini wakazomea. Kendra alivuka utepe, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya siku nzima.

"Kura moja, Baba! Hathaway kasema ilikuwa imeharibika, na wewe ukaipitisha. Ulichotakiwa kusema ni hapana tu!"

"Haikuwa imeharibika."

"Watu wengine wana baba wanaowasaidia kuhama nyumba. Mimi nilikuwa naomba neno moja!" Akamgeukia Glenda. "Mama, mwambie."

Glenda alikuwa akifunga kifuniko cha chupa ya kahawa. Kilimchukua muda mrefu. "Ilikuwa imeharibika vipi?" aliuliza.

"Siruhusiwi kusema," Verlin alijibu.

Waliendesha hadi nyumbani bila redio. Glenda alipasha moto supu ya maharage ya jana, na walipokuwa wakinywa simu yake ikaita. Aliipokea akiwa amesimama, akasikiliza, akasema "sawa" mara tatu.

"Hawaji Krismasi," alisema. "Anasema hutawaona wajukuu mpaka umwombe Dustin msamaha."

"Dustin amesema nini?"

"Dustin amelala."

Verlin akamega mkate. Glenda akabaki kusimama, amekamata simu.

"Ilikuwa na mistari miwili," alisema. "Siyo?"

"Siwezi kuzungumzia kura ya mpiga kura yeyote."

"Verlin."

"Siwezi, Glenda. Hata ya kwako. Hasa ya kwako."

Glenda alivuta kiti akaketi mbele yake. "Nilijaza jina lake kwanza. Kweli kabisa. Halafu nikafikiria. Barabara maili mia tatu, madaraja kumi na moja, na theluji inakuja. Na mtu mwenyewe ameshindwa kurudisha ngazi yetu tangu Aprili."

"Machi," alisema Verlin.

"Machi. Nikasema ni kura moja tu kati ya elfu nane, itabadilisha nini. Nikashika na bango, ili mtoto asione vibaya." Aliitazama supu yake. "Na sasa wewe ndiye wa kuomba msamaha."

"Nitazoea."

"Mimi sitazoea." Akaiinua simu, akatafuta namba ya Kendra.

"Kura ni siri," Verlin alimkumbusha.

"Siri ya nani?"

Verlin alikipitia kifungu kichwani, neno kwa neno, pamoja na maelezo ya chini. Kilimkataza mkurugenzi, naibu wake, mawakala na wahesabuji. Mpiga kura hakikumtaja.

"Yako," alisema.

Simu ililia mara nne kabla Kendra hajapokea.