Udongo wa Kwenye Mrehani

"Utamwambia wewe, maana wewe ndiye uliyemleta—"

"Nimemleta nani? Mimi nilileta mlinzi wa—"

"Mlinzi! Mlinzi gani, Baba Samah, analala kwenye boksi la viatu—"

"Punguza sauti, mtoto atasi—"

"—tena boksi la raba za watoto, na nafasi inabaki!"

Bi Badria alikuwa amekaa kwenye mkeka uwani, ungo mapajani, anachambua mchele aliokwisha kuuchambua jana. Mwanawe Bushiri na mkewe Sitara walisimama mlangoni mwa jiko, kila mmoja anamkata mwenzake maneno. Wametoka hospitali sasa hivi. Bushiri alikuwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na huyo ni mtu anayeuza viatu Mtaa wa Kongo, anayeweza kukukadiria namba ya mguu ukiwa bado uko ng'ambo ya barabara.

Daktari wa macho ameshasema. Jicho la kulia la Samah halitaona tena. Mtoto wa mnyoo, mdogo hata hujui kama yupo, aliingia tumboni, akapotea njia, akapanda mpaka jichoni, akaacha kovu kule nyuma. Dawa wamepewa, za kutuliza, yasiongezeke mengine. Lakini lililokwenda limekwenda. Kisha daktari akauliza, "Nyumbani mna mbwa?" na kuanzia pale mpaka wanaingia getini, Sitara hajafunga mdomo.

Samah mwenyewe, miaka mitano, hajaambiwa. Ameambiwa "litapona," akaitikia "haya," akaenda zake nyuma ya matangi ya maji kucheza na mbwa wake.

Kilichomuuma Bi Badria ni kwamba walicheka. Mtoto alipoanza kumimina chai pembeni ya kikombe, walicheka. Jicho lilipoanza kukaa upande, wakasema ana madaha. Yeye Bi Badria ndiye aliyesema, tena kwa sauti, "Mke mwenzangu huyo ananikatia jicho, anataka kuninyang'anya bwana!" Nyumba nzima ikaangua kicheko, na mtoto naye akacheka, kichwa kakipinda upande kama kuku anayetazama punje.

Mbwa alikuja kabla ya mfungo. Bushiri alimkuta chini ya meza yake ya biashara, analia, akamtia kwenye boksi tupu akaja naye. Samah akampa jina la Boksi hapo hapo.

"Mbwa? Uwani kwangu?" Bi Badria aliuliza.

"Hatatia mguu ndani, mama. Ni mlinzi tu."

Wiki ile ile mlinzi alifukuzwa na paka wa jirani, akajificha ndani ya ndoo, ikabidi atolewe kwa kuinamishwa kama maji ya kudekia. Basi, nani angemtoa tena? Samah alishampenda.

Bi Badria akaweka sharti lake. Mbwa akimlamba mtoto, mtoto anaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, kama alivyofundishwa yeye na mama yake. Na Boksi alikuwa mlambaji hasa. Kwa hiyo kila siku Samah aliketi katikati ya magoti ya bibi yake, mikono mbele, anahesabu kwa kelele mpaka majirani wa ghorofani wanamwitikia. Udongo ndio aliupenda kuliko yote. Bibi alimsugua kidole kimoja kimoja, anamtania, anamtekenya kiganja. Wakimaliza, hapo hapo anapewa kitumbua. Sabuni ya nini tena? Mtu ameshatoharika. Weusi mdogo uliobaki chini ya kucha haukumshughulisha mtu, na Samah alikuwa bado ananyonya kidole gumba.

"Hodi hapa!"

Aliingia mwanamke mnene, kabeba tundu la waya. Candida, daktari wa mifugo. Bushiri alikuwa amempigia simu kutoka hospitali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umefika. Mchukue, mchukue upesi," Bi Badria alisema. Alitaka lile tundu lifungwe, litoke, na jambo zima liishe na mwenye kosa awe ameondoka kwa miguu minne.

Candida hakuwa na haraka. "Dawa ya minyoo alipewa lini?"

Bushiri akatazama kile kiatu mkononi. "Sindano ya kichaa nilimpeleka. Cheti kipo. Ya minyoo... si bado mdogo?"

"Huyo mdogo ndiye hasa, kaka. Karibu wote wanazaliwa nayo, wanaitoa kwa mama yao. Anatakiwa aanze dawa akiwa bado ananyonya, arudiwe kila baada ya wiki mbili mpaka akue kidogo. Na mtoto, anachezea udongo?"

"Udongo gani, dada?" Sitara alidakia. "Si unaona, uwani zege tupu."

Ni kweli. Kariakoo siku hizi ukitaka udongo uuagize. Hapo uwani kulibaki kipande kimoja tu, pembeni ya bomba, cha mrehani wa Bi Badria. Siku mafundi walipokuja kumwaga zege alikaa chini juu yake, akawaambia, "Mwageni, na mimi mnizibe humu humu." Wakakizunguka.

"Haya. Na kinyesi cha mbwa mnatupa wapi?"

Bushiri alikohoa. "Nafukia."

"Wapi?"

Akaelekeza kwa kiatu. Kwenye mrehani.

"Wewe Bushiri!" Sitara alisema.

"Kila alfajiri, kabla mama hajatoka kutawadha. Sikutaka akione. Angetufukuza mimi na mbwa."

Candida alichuchumaa, akautazama ule udongo asiuguse. Akaongea taratibu, kama mtu anayepita karibu na aliyelala. "Kinyesi kikizolewa siku hiyo hiyo, kikafungwa kwenye mfuko, hakina neno kubwa. Mayai yanakuwa mabichi. Yakikaa kwenye udongo wiki mbili tatu ndiyo yanakomaa, na humo yanaishi miaka. Huyaoni. Mtoto akishika, akitia mkono mdomoni..."

"Kwa hiyo siyo kulambwa?" Sitara aliuliza.

"Mara nyingi ni udongo, dada. Udongo na kucha. Mbwa mwenyewe nikimpa dawa leo, mkazoa kila siku, mkanawa kwa sabuni, hana tatizo. Huo udongo ndio utoke."

Mchele ulikuwa umesimama kwenye ungo. Bi Badria alikuwa anatazama chini ya bomba, pale lilipo kopo lake la maziwa, lina udongo nusu, alioujaza jana kwa mkono wake. Sitara akayafuata macho ya mama mkwe.

"Nilichota pale," Bi Badria alisema. "Kila siku. Nilichota pale nikamsugua nao."

"Mama, mimi ndiye niliyefukia."

"Na mimi ndiye niliyechota."

Bushiri akakiweka kiatu chini. Bi Badria akasukuma ungo pembeni, akajipangusa mapaja.

"Mtoto nitamwambia mimi," alisema. "Msimwambie nyie. Samah! Samah, mke mwenzangu, njoo."

Samah akatokea nyuma ya matangi, kampakata Boksi, kichwa upande. Akagonga bega kwenye nguzo asiyoiona, akasema "samahani" kwa nguzo, akaendelea kuja. Boksi akainua kichwa, akampiga ulimi mmoja mrefu kuanzia kidevu mpaka nyusi.



Samah akamteremsha mbwa. Utaratibu anaujua, alienda mwenyewe kwenye bomba, akachukua lile kopo kwa mikono miwili, akaja nalo, akaketi pale anapoketi siku zote, katikati ya magoti ya bibi yake.

"Kanilamba, bibi."

"Nimeona, mama. Leo tutanawa sabuni." Bi Badria alilichukua kopo, akalisogeza mbali. "Kwanza nisikilize. Bibi ana neno la kukwambia."

Lakini Samah hakutoa mikono kama siku zote. Aliiweka mapajani, akainua uso, akafumba jicho la kushoto, lile zima, akabaki na lile jingine limefunguka kabisa.

"Leo mikono acha, bibi," alisema. "Nioshe jicho. Mara saba. Na udongo uweke mwingi."