Upande Wenye Mwanga

Mzee Dadi, fundi cherehani wa Kasulu, alikuwa na jibu moja lililotosha maswali yote: "Inshallah." Duka lake lilipakana na mashine ya kusaga, na mashine ikianza kunguruma, masikio yake hayakuambulia kitu. Salamu hazikumtaabisha. Waha huamkiana kwa makofi, na makofi huonekana. "Mwakeye, mzee!" Naye akapiga ya kwake. Baada ya hapo alitazama midomo ya mteja, na midomo ikimshinda, inshallah. Kwa inshallah hiyo aliwahi kumkubalia mwalimu mmoja suruali sita kwa siku moja.

Akiri kwamba hasikii? Thubutu! Bintiye Shamsia, aliyemshonea vifungo, siku zote aliweka kigoda chake kushoto kwa baba. "Huku ndiko kwenye mwanga," alisema. Mzee hakuona neno.

Mwaka wa sabini na nne, Isihaka wa Kibondo akaja kumwoa Shamsia. Lori zima la ndugu zake lilishuka likipiga matwari. Sheikh akamtuma Dadi ndani kuchukua idhini ya binti, maana ndoa haifungwi bila neno la mwenyewe.

Chumbani vigelegele vilikuwa vimepamba moto, na Shamsia amefunikwa khanga gubigubi. Mzee akapiga magoti.

"Mwanangu, nikuozeshe kwa Isihaka?"

Khanga ikatikisika kidogo. Midomo iko wapi? Akauliza tena, ikatikisika tena. Shangazi mtu, Mwamvua, akamsukuma begani aende zake, watu wanangoja pilau.

Inshallah ilikuwa imeshafika kwenye ncha ya ulimi. Lakini hii haikuwa suruali. Je, kama mtoto amesema hataki? Hofu ikamshika kwelikweli. Akasimama, akapaza sauti:

"Nyamazeni! Mimi sisikii. Sisikii tangu miaka mingi, nilikuwa naficha. Neno la mwanangu nitalisikia mwenyewe, ama sivyo hapa hapana ndoa!"

Vigelegele vikakatika. Aibu ilimpanda mpaka utosini, akapiga magoti tena. Ndipo khanga ikasogea, ikamwinamia kwenye sikio la kushoto.

"Nimekubali, baba. Hii ni mara ya tatu. Na huko nje ukae kulia kwa sheikh, ili awe upande huu unaosikia."

Wanawake wakaangua kicheko. Mzee Dadi akamtazama Mwamvua mdomoni, akasoma maneno yake yote: "Maskini kaka yangu! Kasulu nzima inajua!"

Basi akaenda akakaa kulia kwa sheikh, akasikia kila alichoulizwa, akajibu kila kitu kwa maneno yake kamili.

Wiki iliyofuata, bibi harusi akiwa kwake Kibondo, mashine ilinguruma kama kawaida. Mzee Dadi akaitia uzi sindano, akakitazama kigoda kitupu pale kushoto kwake. Kisha akageuka kulitazama dirisha, dirisha pekee la duka lile. Lilikuwa kulia.