Nyasi za Upande wa Chini

Zita wa Tlawi alikuwa mkulima wa kuzaliwa, na jani likiota mahali ambapo hakulipanda yeye, alilihesabu kuwa ni tusi. Watu wa namna hiyo mnawajua. Akikutembelea, kabla hujamkaribisha uji, ameshang'oa magugu ya mlangoni kwako.

Ndiye aliyewaongoza wanaojitolea kutunza uwanja wa vita vya zamani, kule mteremkoni ambako mababu wa wakulima na mababu wa wafugaji waliumizana vibaya. Waliokufa walilazwa chini ya marundo ya mawe, wakulima upande wa juu, wafugaji upande wa chini. Miaka yote kila upande ulitunza wa kwao, bila hata salamu. Mwaka huu Zita alimwomba Gidamis, mfugaji wa Hanang, alete watu wake wafanye kazi pamoja. Gidamis akajibu kwamba mwenye neno ni mama yake, Bibi Udagwenga, naye atakuja Jumamosi kutazama. Zita aliitamani siku hiyo kuliko mvua.

Basi Ijumaa, kwa heshima zote, akaingia upande wa chini na jembe, yeye na rafiki yake Hilda. Walipalilia mpaka pakawa peupe, hata ujiti wa kuchokolea meno haukubaki.

"Wataona tunavyowajali," alisema Zita, akifuta jasho.

Jumamosi Gidamis akatangulia kufika. Akasimama, akashika kichwa.

"Dada Zita, nani kafanya hivi?"

"Sisi. Pamependeza, au siyo?"

"Kwetu nyasi ni baraka, ng'ombe anaishi kwa hizo. Wazee wetu tumewaachia ziwafunike, na ninyi mmewanyoa." Akatazama njiani. "Mama yuko pale kwenye kona. Akiona hivi anageuka, na harudi tena."

Wema wa Zita ndio uliomponza. Hilda alishauri wajifiche, na ushauri haukuwa mbaya, ila vichaka vyote walikuwa wameshavifyeka wenyewe.

Lakini lipo jambo moja ambalo wakulima na wafugaji wa huko wanalijua sawasawa: mwenye kosa huja na nyasi mbichi mkononi. Zita akakimbilia rundo la magugu yake, akachomoa fungu lililokuwa bado na ubichi, akapiga magoti njiani.

"Shikamoo, mama. Nimekosa. Nimepalilia makaburi yenu."

Marahaba haikuja. Bibi akautazama uwanja mweupe, kisha zile nyasi, mizizi inaning'inia, udongo unamwagikia kanga ya Zita.

"Nyasi za kuombea msamaha hukatwa," akasema. "Wewe umeniletea zenye mizizi."

"Mimi sijui kung'oa namna nyingine, mama."

Bibi akacheka mpaka akaishika fimbo kwa mikono miwili. "Marahaba, binti yangu. Basi hizi zitaota. Nionyeshe zinavyopandwa, mimi sijawahi kushika jembe."

Hivyo Zita, adui wa nyasi tangu utotoni, akashinda akipanda nyasi, na bibi ambaye hajawahi kulima akawa anamkosoa kwamba mistari imepinda. Gidamis na Hilda walichota maji na kucheka pembeni. Jua lilipoanza kushuka, bibi akaelekeza jembe kwenye mawe ya juu, ya wakulima, yaliyosafishwa yakabaki makavu.

"Na wale wa kwenu," akauliza, "mbona mmewaacha uchi?"

Zita akalitazama fungu lililobaki. Akalibeba, akaanza kupanda mteremko, na bibi akamfuata na jembe.